Chupa Kumi na Moja za Puani

Chupa ya dawa ya kupulizia puani ilikuwa ndani ya ndara ya kushoto ya mzee Torvald, mdomo wa chupa umegandwa na kamasi kavu za manjano. Sista Ragnhild, muuguzi wa makao ya wazee, aliitoa kwa ncha za vidole, akakunja uso.

"Ptuu! Miaka themanini na moja, bado unang'ang'ania chupa kama mtoto na titi."

"Hiyo ni ya Juni, sista. Daktari alisema siku kumi, nikapulizia siku kumi, nikaacha. Nikasahau kuitupa."

"Na zile kumi na moja zilizopotea kabatini zimeota mabawa?"

Ragnhild akapiga funda la kahawa aliyokuja nayo.

"Maziwa ya kahawa hiyo yameharibika, sista. Yananuka mpaka huku kitandani."

Kweli kulikuwa na vibonge vinavyoelea. Lakini Ragnhild hakupenda kuzungushwa na mtu mwenye makosa, akaimaliza yote huku akimkazia macho. Torvald alimtazama pua, kisha akaangalia pembeni.

Miaka ishirini na miwili ya uuguzi ilikuwa imemzoesha Ragnhild damu, matapishi na mashuka machafu. Hayo hayakumtia kinyaa. Kinyaa chake kilikuwa kwa watu wa vichupa, wanaopulizia leo, kesho pua ivimbe zaidi, wapulizie tena, na ukiwauliza wanasema ni mafua tu. Yeye mwenyewe ndiye aliyebandika masharti kwenye mlango wa kabati la dawa: isizidi siku kumi, chupa moja mtu mmoja, mwenye presha asipewe bila ruhusa ya daktari.

Na Torvald alikuwa na presha. Majira ya baridi alipata kiharusi kidogo, na asubuhi ile kipimo kilipanda hadi mia na sabini na nane.

"Presha hii umenipa wewe," mzee alisema akishusha mkono wa shati. "Tangu useme utanitenga na Elsy, silali."

"Silali, silali! Dawa ndiyo inayokunyima usingizi. Hata mimi silali, ila simwibii mtu."

Elsy alikuwa mkewe, wameoana miaka hamsini na sita, na alilala chumba cha pili kutoka chake. Ragnhild alikuwa ameshamwandikia meneja, Kerstin, kwamba mzee ahamishiwe jengo la ng'ambo ya uwanja, lenye milango ya kufungwa, ambako mtu hapati nafasi ya kudokoa. Kikao kiliwekwa Alhamisi, saa sita mchana.

Alhamisi hiyo ilikuwa siku ya kula samaki wa kuchacha, wanaovundikwa kwa chumvi ndani ya makopo. Kila Agosti makopo yaliyovimba huletwa, na hufunguliwa uani tu, upepo ukielekea baharini, maana ukilifungua moja ndani, nyumba hunuka mpaka Krismasi. Wazee walikuwa wameshapangwa nje na viazi, vitunguu na mikate yao myembamba, wakitaniana nani atatapika wa kwanza.

Ragnhild alipita kwanza chooni, akajifungia kwa dakika moja, akatoka sauti imemfunguka. Akaingia ofisini akiwa na mkono mmoja mfukoni, akafunga dirisha ili kelele za uani zisimsumbue. Torvald akaja akisukuma kigari chake cha kutembelea, kikapuni ameweka taulo, akaketi karibu na meza.

Kerstin aliingia, akasimama ghafla mlangoni.

"Ragnhild..." alianza, akajiziba mdomo kwa skafu.

"Najua. Hata mimi naona kinyaa. Keti tu."

Akaiweka ile chupa ya kamasi mezani, akaanza. Alieleza jinsi pua inavyozoea, jinsi mishipa inavyobanwa, jinsi moyo wa mzee kama huyu unavyoweza kusimama kwa sababu ya upuuzi wa tone moja. Alitaja chupa kumi na moja. Alisema mtu anayeiba dawa za wagonjwa wenzake hana haya. Macho ya Kerstin yalijaa machozi, mabega yakamtikisika, na Ragnhild akafurahi moyoni kwamba hatimaye amepatikana mtu mwingine anayechukizwa na uchafu huu kama yeye.

"Fungua dirisha," Kerstin alisema kwa taabu.

"Tumalize kwanza. Mzee, una la kujitetea?"

Torvald naye alikuwa akilia, machozi yanamwagika hadi kidevuni. Aliinama, akavuta taulo kutoka kikapuni. Chini yake kulikuwa na kopo la samaki wa kuchacha, kifuniko kimekunjuliwa, na mchuzi wake wa kijivu ulikuwa umeshachuruzika sakafuni mpaka kwenye viatu vya Ragnhild.

"Liko wazi tangu nilipoingia, sista."

Ragnhild aliangalia viatu vyake, akanusa, akanusa tena, asisikie harufu yoyote. Kerstin, ameibana pua kwa vidole viwili, akamnyooshea mkono wa pili.

"Nipe chupa hiyo iliyomo mfukoni mwako."