Kilima cha Udi

"Hicho ni kilima!"

"Mama, hizo kelele tu, mashine…"

"Kelele gani, na kimeinuka nakiona?"

Bi Zamaradi alikuwa ameleta maabarani shati la marehemu mumewe, kujua kama udi aliokuwa akijifukiza bado umo. Shaweji, mtaalamu wa maabara, akamweleza tena: kompyuta huchora kila harufu kama kilima, lakini hupima vile vinavyovuka mstari tu; vilivyo chini yake huvihesabu kelele za mashine.

"Basi ushushe huo mstari, au ni wa serikali?"

Shaweji akacheka, akaushusha. Kompyuta ikakitia rangi kile kilima, ikakipima. Udi ulikuwemo, kiduchu.

Bi Zamaradi akamsogezea shati.

"Pua yangu imekufa tangu niugue. Ninusie, mwanangu, uniambie anavyonukia."