Uzi wa Vipimo

Binti wa utafiti wa watoto waliopotea aliketi mkekani na karatasi zake, akafika swali la tisa. "Mama Salha, mtoto alichukuliwa na nani?"

"Hakuchukuliwa. Nilimtoa mwenyewe," alisema Mwanaheri. "Andika hivyo."

"Hapa kuna 'alitoroka' na 'aliibwa' tu, mama."

"Basi karatasi yako inanionea haya kuliko majirani."

Binti akainamisha kichwa, akauliza kimo cha mtoto.

Mwanaheri akafungua pindo la kanga, akatoa uzi mweupe wenye mafundo: la bega, la kiuno, la goti, na ncha ya kisigino. Mama aliyekuja na gari kumwomba mtoto ndiye aliyeyafunga, akimpima Salha hapo hapo uani. Alisema atamshonea sare na kumsomesha, kazi za ndani ni kidogo tu. Gari lilipoondoka, Mwanaheri akauona uzi umebaki kwenye kigoda. Alilifuata mbio, akiupunga na kupiga kelele, "Dada, umesahau vipimo!" Yule mama aligeuka, akamwona vizuri kabisa, akapandisha kioo.

Miaka minne sasa.

Mwanaheri akasimama, akakanyaga ncha ya uzi kwa kidole gumba cha mguu, akauvuta wima mpaka fundo la juu.

"Siku ile bega lake lilikuwa hapa."

"Na sasa, mama, unakisia atakuwa amefika wapi?"

Mkono ukaliacha fundo, ukapanda kidogo, ukapanda tena, usijue pa kukomea.