Maji ya Shamba la Faridi

Asnath alipiga magoti kwenye tope akavuta jani moja. Likambakia mkononi, limeoza. Akavuta la pili, nalo vilevile. Mayungiyungi yake madogo, aliyoyaacha mabichi mvua zilipoanza, yalikuwa yamelala juu ya maji, yamekufa yote.

Katika mabwawa mengine ya huku Chemba yalikwisha zamani, kila mvua ikiyateremshia dawa ya magugu kutoka mashamba ya alizeti. Lilibaki bwawa hili moja. Asnath, mwalimu wa mimea chuoni Dodoma, alilichimbia mtaro kwa mikono yake ili maji ya shamba la Faridi yapite kando. Baba yake, Mzee Cornel, alidhani mtaro ni wa kuzuia mchanga, na Asnath hakuona haja ya kumchosha kwa maelezo. "Wenzako wanawaletea baba zao wajukuu, wewe unaniletea majani," mzee alimtania kwenye simu. Lakini hakuacha kuyaulizia.

Alipanda hadi kwa Faridi, matope miguuni. Hakumwamkia.

"Hata shikamoo, binti yangu?"

"Umeniulia maua yangu, Mzee Faridi! Nilikupigia magoti usipulizie dawa."

"Mwaka huu nimepalilia kwa jembe. Muulize yeyote."

"Na ile pampu yako ni ya kunyweshea ng'ombe?"

Faridi alitazama chini. "Niliiazimisha," alisema polepole. "Nenda kwanza ukamsalimie baba yako."

Asnath alimwita mwongo, mbele ya mkewe na wakwe zake. Akashuka njia nzima akilia bila kujificha.

Mlangoni kwao alifuta machozi. Baba yake alikuwa kitandani. Mgongo ulimlaza tangu mwezi uliopita, na Asnath hakutaka kumwongezea uchungu. Alimwamkia, akaketi kando yake.

"Umepitia bwawani?" mzee akauliza kwa Kisandawe, salamu hazijaisha, uso umemchangamka kama wa bwana harusi.

"Nimepita, baba."

"Nilikuwa nawaza, mwanangu anahangaika peke yake, na mimi baba yake ni mkulima. Maua yanasongwa na majani kila upande, nani atayapalilia? Jembe siliwezi tena. Nikaazima pampu kwa Faridi, nikamwambia ni ya shamba, asije akakutobolea siri." Akacheka, akajishika kiuno. "Imenimaliza mgongo, lakini acha tu. Si ni dawa ya magugu? Maua haiyagusi."

Asnath aliificha miguu yake yenye matope chini ya kitanda.

Mzee Cornel akamshika mkono, akaubana kwa furaha.

"Niliingia majini hadi magotini, mama. Sikuacha hata pembe moja. Sasa yana nafasi ya kupumua. Hebu niambie, yamechanua?"