Maziwa Safi ya Karuppaya

"Usiuguse! Hujaoga!"

Letchumi aliurudisha mkono. Tangu waoane hakuwahi kumsikia mumewe akimkemea mtu kwa ajili ya usafi. Karuppaya muuza maziwa, ambaye mtaa mzima pale Sungai Siput ulijua kwamba hukamua ng'ombe na sigara mdomoni, leo alikuwa amechuchumaa uani akiusugua mtungi wa shaba kwa ukwaju na majivu.

Alikuwa na sababu. Jana nesi Rohaya alimfokea kliniki mbele ya watu, binti yao Yalini, wa miaka mitatu, akiwa hoi kwa kuharisha.

"Maziwa yako machafu ndiyo yamemfikisha hapa! Mpe safi, yaliyochemka. Akiharisha tena usimlete kwangu, mpeleke makaburini."

Maneno makali, lakini aliyataka mwenyewe. Huyu bwana alikuwa mchafu, tena mkaidi. Nzi walikuwa wanaelea kwenye debe lake la kuuzia, na wateja walipolalamika kwamba wamekuta udongo umetuama ndani ya chupa aliwajibu kwa matusi: "Hutaki udongo? Basi kamue paka wako!"

Ila Yalini alikuwa roho yake. Tangu watoke kliniki Karuppaya hakuonja samaki wala bia, na Letchumi akajua ni uchungu. Kesho yake alfajiri alioga bombani, akamwosha ng'ombe kiwele kwa maji ya moto, akakamua bila sigara na bila neno. Maziwa akayachuja kwa kitambaa kipya, akayamimina mtungini na kuyafunika kwa jani la mgomba.

Mama mkwe wake, bibi Ponnammal, alitokeza na kikombe.

"Tone moja tu la kutia kwenye chai, mkwe."

"Sitoi! Na hiyo mikono yako ya tambuu, kaa mbali!"

"Jamani, mtazameni! Juzi alikuwa anachujia maziwa kwenye singleti yake, leo ananionea kinyaa mimi!"

Letchumi alicheka, mara ya kwanza tangu mtoto augue. Hasira aliyokuwa nayo tangu kliniki ilianza kumtoka. Kumbe mtu mzima naye hufundishika. Alikwenda jikoni, akawasha moto, akainjika sufuria, kisha akamwinua Yalini kutoka mkekani. Mtoto alikuwa mwepesi, macho yamemdidimia.

"Amka, mama. Baba amekukamulia maziwa mazuri."

Alitoka naye uani kuyachukua. Karuppaya alikuwa amevaa shuka ya manjano, miguu mitupu, mtungi kichwani, na mguu mmoja umeshavuka lango.

"Baba Yalini! Unakwenda wapi na maziwa ya mtoto?"

"Ya mtoto?" Karuppaya alimgeukia kwa ukali. "Hii ni nadhiri yangu kwa mungu wetu Murugan, nakwenda kuyamwaga miguuni pake. Nesi anajua nini? Yalini kapigwa jicho baya na hawa majirani, na jicho halitoki kwa kuchemsha maziwa."

Aliushika mtungi kwa mikono miwili, asije akamwaga njiani.

"Yeye mpe yale ya debe, kama siku zote."