Wageni Wasiopiga Picha

Yule mgeni mwanamume alikuwa akihesabu mipapai.

Mwila alisimama mlangoni, mikono ingali na unga wa bukari, ugali wa kwao, akamwangalia anavyozunguka nyuma ya nyumba akigusa kila shina kwa kidole. Uwanjani ngoma zililia, wachezaji wakicheza. Mgeni hakugeuka hata kidogo.

Mwila ndiye aliyewashawishi wenzake kijiji chao kiwe cha kutembelewa. Watu wa Lubumbashi, aliwaambia, wamechoka na vumbi na makelele; watakuja Jumapili kuona mambo ya kale. Basi wanawake wakachimba udongo mwekundu na mweupe, wakazipamba kuta kwa maua na ndege, kama bibi zao walivyofanya. Kaka yake, Kapya, akafyeka njia mpaka kwenye tanuru la zamani, mababu walipoyeyushia shaba kabla mzungu hajaijua njia ya Katanga. Kiangazi kizima hawakupata mtu, ila wapita njia walioshusha kioo cha gari, wakapiga picha, wakaenda zao.

Leo ndipo gari jeupe lilipoingia. Wakashuka wawili: Gaëlle, mama mwenye sauti ya upole, na Floribert, huyo wa mipapai.

"Tunatoka Lubumbashi," Gaëlle alisema. "Tunaomba kuona kijiji yote."

Yote! Mwila alipiga vigelegele, akamwambia Kapya achinje kuku.

Lakini wageni gani hawa? Kapya alipowafikisha kwenye tanuru, Floribert alilitazama kama anayetazama kichuguu. Kapya akaanza habari za mababu, mgeni akamkatiza.

"Tata, makaburi yenu iko wapi?"

Makaburi! Kapya akawapeleka. Huko Floribert alikawia.

Gaëlle naye aliingia nyumba baada ya nyumba. Hakupiga picha ya ukuta hata mmoja.

"Mama, humu munalala bangapi?" aliuliza. "Na jikoni, iko ya weye peke ao ya bote?"

"Ya miye peke," Mwila akajibu, akijikaza kutabasamu. "Lakini angalia ile ndege ya ukuta, mama. Niliichora miye mwenyewe."

"Iko muzuri sana," Gaëlle akasema, na macho akayashusha haraka.

Bukari ilipoa. Wachezaji wakaketi mmoja mmoja, wakijifuta jasho. Wanawake waliochimba udongo nao walianza kumtupia Mwila jicho. Kazi yote ile, mikono yote ile iliyopasuka, na watu hawa wanauliza habari za jikoni na makaburi! Alipoona wageni wanapanda gari bila kuonja kitu, uvumilivu ulimwisha. Alichukua bakuli la kuku, akaenda kusimama mbele ya gari.

"Mama Gaëlle, heshima iko wapi? Tulipiga ngoma, tulichinja kuku. Hamukula, hamukuangalia, hamukusema hata neno moja ya muzuri kwa bale bachezaji. Kama hamukupenda kijiji yetu, museme tu, tujue!"

Injini ikazimwa. Gaëlle alishuka, akalipokea bakuli kwa mikono miwili.

"Tulipenda, mama. Tulipenda kupita kiasi. Ni haya tu ilitufunga macho."

"Haya ya nini?"

Gaëlle alimtazama Floribert. Floribert akainamisha kichwa.

"Tangu tulifika najiuliza namna gani munaweza kutuimbia," Gaëlle akasema polepole. "Siye tulitumwa kuhesabu vitu yenu ya kulipwa. Mama, hakuna muntu wa kampuni alikuya kusema kwamba kijiji itahamishwa, sababu batachimba shaba hapa?"