Kikohozi

Siku aliyozikwa Nasibu, mkewe Mwanakombo alifungua mashine ya mumewe ya kunasia sauti na kutafuta sauti ya marehemu. Hakuipata. Nasibu alinasa kila mlio wa nyumba ile: mchi kinuni, bawaba za mlango, mvua juu ya bati. Alikuwa akiichanganya milio hiyo na kuipiga kwenye spika, naye mkewe akiifuata kwa fidla. Nasibu mwenyewe hakujinasa hata mara moja.

Arobaini ilipopita, wifi yake Rukia alikuja kuichukua mashine.

"Nipe, wifi. Hii itakutia wazimu."

"Nipigie mara moja tu, kisha nenda nayo."

Rukia akabonyeza. Mchi ukaanza kutwanga, Mwanakombo akaingia na fidla yake. Vidole vyake vilikuwa vizito, noti moja ikashuka. Mtu akakohoa ndani ya spika, vilevile Nasibu alivyokuwa akikohoa kila mkewe alipokosea.

"Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu, wallahi!"

Wakarudia. Safari hii Mwanakombo alipiga bila kosa, na mchi ukatwanga peke yake.

Rukia aliondoka mikono mitupu. Siku hizi Mwanakombo hupiga kila alasiri, na noti ile huishusha kwa makusudi.