Moshi wa Nakiete

Hebu niambieni, nyumba isiyoonekana, mgeni atabisha hodi wapi? Huko Upare sheria ilisema kila nyumba mpya ifichwe ndani ya kilima, mandhari isiharibike. Mchora ramani akamwonyesha Bibi Nakiete ramani ya nyumba yake: nyasi juu ya paa, kioo kipana kinachotazama bonde, jiko lisilotoa moshi.

"Bibi, hata ndege hawatajua kuna mtu humu!"

Nakiete akamnyang'anya kalamu, akachora bomba la moshi, nene kama mgomba. Kindege kisicho na rubani, cha wakaguzi wa sheria hiyo, kikasimama hewani juu yao, kikivuma.

"Bibi, wataibomoa!"

"Waibomoe, nitajenga tena. Rafiki yangu Nambike yuko ng'ambo ya bonde, miguu imemgomea. Kila asubuhi hutafuta moshi wangu, nami wake. Kijana, nataka ajue nimeamka."